Mashine ya espreso ya nyumbani: umbo la nje ni urembo au ni kazi?

Swali: "Assalam alaikum fundi. Nakaa Mombasa, ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni latazama bahari. Nimeweka pesa ninunue mashine ya espreso ya nyumbani na nimeipenda Rancilio Silvia. Lakini dukani nimeonyeshwa nyingine ya bei karibu sawa, ina kioo cha kugusa na taa za rangi, hata Silvia ikionekana sanduku tu mbele yake. Mume wangu asema umbo la nje ni urembo, kinachotengeneza kahawa kiko ndani. Ni kweli? Juu ya kaunta yangu pana kabati. Na hii chumvi ya bahari haitaila? Tena kaka yangu aliye Marekani ataka aninunulie huko, aje nayo Desemba."

Waalaikum salaam dada yangu.

Shemeji amesema kweli, lakini nusu. Boila, pampu na themostati ndizo zinazopika kahawa, na zote zimefichwa. Ila wewe hutaishi na boila. Utaishi na swichi utakayobonyeza alfajiri usingizi haujakutoka, na mpini utakaoukaza kila siku, na trei utakayomwaga, na bomba la mvuke litakalokuchoma vidole likiwa limewekwa vibaya. Tena sehemu nyingi za nje za mashine hizi ni vitu vya ndani vilivyochomoza. Anayejua kuzitazama huisoma mashine nzima bila kufungua skrubu hata moja.

Imekuwa hivyo tangu mwanzo. Luigi Bezzera wa Milan aliposajili uvumbuzi wake mwaka 1901, kahawa ilisukumwa na shinikizo la boila lenyewe, na boila ilisimama wima. Ndiyo maana mashine za zama zile, za La Pavoni na Victoria Arduino, zilikuwa minara mirefu ya shaba yenye kuba juu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Achille Gaggia akaleta pistoni inayosukumwa na springi, na mashine zikaota mikono mirefu ya kuvutwa. Mwaka 1961 Faema wakatoa E61, pampu ya umeme ikapokea kazi ya mkono, na kichwa chake kizito cha kutolea kahawa, cha kilo nne hivi, kikabaki wazi mbele ya mashine kikipashwa na maji ya moto yanayozunguka yenyewe ndani yake. Kichwa hicho hadi leo utakiona kwenye mashine nyingi za nyumbani za bei ya juu. Watu hukipenda kwa mng'ao wake, na kweli kinapendeza, lakini kimekaa pale kwa sababu ya joto.

Sasa Silvia. Rancilio ni kampuni ya Parabiago, karibu na Milan. Ilianza mwaka 1927, na kazi yake kubwa ni mashine za mikahawani. Silvia ya nyumbani ilitoka mwaka 1997, na sura yake imebadilika kidogo sana tangu hapo: sanduku la pembe kali, upana wa sentimita 23.5, kina 29, kimo 34, uzito kilo 14. Umeiita sanduku, nami nakubali. Lakini hizo kilo 14 zina kazi. Potafilta, ule mpini wenye kikombe cha chuma tunamoshindilia kahawa, hufungwa kwa kuuzungusha kwa nguvu. Mashine nyepesi, kama De'Longhi Dedica yenye kilo nne hivi na upana wa sentimita 15, huzunguka nayo usipoishika kwa mkono wa pili. Dedica si mashine mbaya, na kwa jiko lenye kaunta finyu huenda ikawa ndiyo pekee inayoenea. Lakini ukifika dukani omba uruhusiwe kufunga na kufungua potafilta kwa mkono mmoja. Jaribio hilo litakueleza mengi kuliko kikaratasi cha sifa kilichobandikwa ubavuni.

Ukiwa nayo mkononi, ipime uzito. Ya Silvia ni ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu, nzito, na kipenyo cha chujio lake ni milimita 58, kipimo kilekile cha mashine nyingi za mikahawani. Hapo kuna mambo mawili. Kwanza, chuma kizito hushika joto, na espreso ikipita kwenye chuma baridi hutoka chachu na nyepesi. Pili, milimita 58 maana yake chujio likitoboka au kishindilio kikipotea, utapata kingine popote mashine za mikahawani zinapouzwa vipuri. Barista Express ya Breville, ambayo Uingereza huuzwa kwa jina la Sage, ina milimita 54, na Dedica ina 51. Vipo vipuri vyake, lakini hapa kwetu utavitafuta kwa tochi.

Halafu ligeuze chujio ulitazame chini. Ukiona vitundu vidogo vimeenea chini nzima, hilo ni chujio la kweli, na kahawa yenyewe ndiyo itakayozuia maji ili shinikizo lipande. Ukiona kitundu kimoja tu katikati, hilo ni la kuta mbili: kitundu kile ndicho kinachozuia, na lile povu zuri juu ya kikombe hutokana nacho hata kahawa ikiwa imechakaa. Kwa anayeanza, mwenye kahawa iliyosagwa tayari, chujio la kuta mbili husaidia. Lakini mashine ikija na hilo tu, na usiweze kulibadilisha, utafika mahali hutaweza kusonga mbele.

Chungulia pia kama kuna kijibomba kinachoshuka kutoka karibu na kichwa kuelekea kwenye trei. Silvia inacho, na Gaggia Classic, mashine nyingine ya nyumbani, inacho, tena cha Gaggia kinaonekana waziwazi mbele. Hicho ni mdomo wa vali ya umeme. Ukizima swichi ya kahawa, vali hufunguka na shinikizo lililobaki juu ya kahawa humwagwa kwenye trei, nawe waweza kufungua potafilta papo hapo bila kurushiwa maji ya moto na machicha. Mashine isiyo na vali hiyo hukulazimu usubiri, na mwenye watoto wanaozungukazunguka jikoni asilichukulie jambo hili wepesi. Kijibomba kisicho na urembo wowote, lakini mimi hukitazama kabla ya kutazama jina la mashine.

Swichi. Silvia ina swichi za kubonyeza tu: ya kuwasha, ya kahawa, ya maji ya moto, ya mvuke. Unaweza kuzitumia na vidole vyenye maziwa. Zinakuonyesha pia kwamba mashine ina boila moja, ya lita 0.3, inayofanya kazi mbili. Kahawa hutaka maji ya nyuzijoto tisini na kidogo za Selsiasi, mvuke hutaka zaidi ya mia na ishirini. Ndiyo maana unatoa kahawa kwanza, kisha unabonyeza mvuke na kusubiri boila ipande, na ukimaliza maziwa unabonyeza maji ya moto ili boila ijae tena na ipoe. Ukielewa hivyo, mpangilio wa swichi zile hautakusumbua.

Udhaifu wa uso wa Silvia uko kwenye taa. Kuna taa inayokuambia tu kama boila inachemshwa au imeacha kuchemshwa. Haikuambii nyuzijoto, na themostati yake huacha joto lipande na kushuka kwa kiasi kinachobadilisha ladha. Wazoefu husubiri taa izime, wakahesabu muda uleule kila siku, ndipo wakatoa kahawa. Inawezekana, na kahawa inayotoka ni nzuri sana, lakini yataka uvumilivu. Ndugu yake mkubwa, Silvia Pro, ana boila mbili na kioo kidogo cha tarakimu kinachoonyesha joto. Bei yake nayo iko mbali, na umbo lake ni kubwa zaidi. Jambo jingine: Silvia zinazouzwa kwa soko la Ulaya katika miaka ya karibuni hujizima zenyewe baada ya nusu saa. Wengi wakiiona imezima hudhani imeharibika. Ndivyo ilivyoundwa, kwa sheria za kule za kubana umeme. Na kwa kuwa chuma chote kile huhitaji karibu muda huohuo kushika joto vizuri, iwashe, nenda kaoge, ukirudi pitisha maji matupu kwenye potafilta ndipo uweke kahawa.

Kile kioo cha kugusa cha mashine ya pili sikukatazi moja kwa moja, kwa sababu hukunitajia jina lake. Lakini nitakwambia ninavyowaza. Nyuma ya kioo pana bodi ya elektroniki, na bodi hiyo imewekwa juu ya chombo kinachotoa mvuke, ndani ya nyumba inayopigwa na upepo wa chumvi. Swichi ya kawaida ikifa, fundi yeyote wa umeme mtaani ataibadilisha kwa nyingine inayolingana nayo. Bodi ikifa, wasubiri kampuni ikuletee ya mashine ileile, ikiwa bado inaitengeneza. Ningekuwa ni mimi, na bei ni karibu sawa, ningechukua swichi.

Usidanganywe na namba iliyoandikwa usoni, "bar 15". Bar ni kipimo cha shinikizo, na hiyo 15 ni nguvu ambayo pampu inaweza kufikia ikizuiwa. Espreso hutoka vizuri kwa shinikizo la karibu bar 9 kwenye kahawa, na 15 ikifika kweli huharibu kuliko inavyosaidia. Geji ya shinikizo ni kitu kingine. Inafaa, kwa sababu hukuonyesha papo hapo kama umesaga laini mno au nene mno. Silvia ya kawaida haina. Ile ya Barista Express ipo mbele kabisa, lakini haina namba za bar, ina eneo tu lililowekwa alama kwamba sindano ikisimama hapo uko sawa. Kwa mwanafunzi inatosha. Lakini mizani na saa vitakufundisha kuliko geji: kahawa gramu 18, kinywaji gramu 36, sekunde 25 hadi 30. Anza hapo, kisha rekebisha kwa ulimi wako.

Bomba la mvuke lishike na ulichezeshe mashine ikiwa baridi. Lile la Silvia za karibuni limekaa kwenye kiungo kinachozunguka, hivyo unaweza kulileta mbele ya jagi, kulipeleka kando na kulirudisha. Lisilosogea ila juu na chini hukufanya uinamishe jagi kwa pembe isiyofaa, na maziwa hayatazunguka. Tazama pia kama bomba limevishwa kofia nene ya plastiki yenye kitundu cha kuvutia hewa. Kofia ile hukufanyia povu yenyewe, povu kubwa kavu, nawe hutaweza kupata yale maziwa laini yanayong'aa. Gaggia Classic za zamani zilikuja nayo, na tangu toleo la mwaka 2019 zina bomba la chuma kama la mikahawani. Na kila ukimaliza, futa bomba kwa kitambaa kibichi na upige mvuke kidogo hewani. Maziwa yakikaukia kwenye tundu, ni shida juu ya shida.

Nimefika kwenye kabati lako, na hapa nakuomba uchukue futi kabla hujalipa chochote. Tangi la Silvia, la lita 2, liko nyuma, na hujazwa kutoka juu kwa kufunua kifuniko. Kimo ni sentimita 34, na juu yake unahitaji nafasi ya kifuniko kufunguka na mkono wako na jagi kupita. Kama kabati limeshuka hadi sentimita 45 hivi juu ya kaunta, kila ukitaka kujaza maji itabidi uivute mbele mashine ya kilo 14 kwa miguu yake ya mpira. Utafanya hivyo wiki mbili, kisha utaanza kuchukia kahawa yako mwenyewe. Gaggia Classic, inayoshindana na Silvia kwa kila kitu, ina tangi linalotoka kwa mbele ukishaondoa trei, na pia ina kinywa cha kumiminia maji juu. Boila yake ni ndogo kuliko ya Silvia na mvuke wake huisha haraka zaidi, lakini potafilta yake ni milimita 58 vilevile na vali ya kupunguza shinikizo inayo. Kwa jiko lenye kabati la chini, mimi ningeichagua hiyo.

Kuna na suala la joto. Juu ya mashine zote mbili ndipo pa kupangia vikombe vipate moto wa boila. Moto huo huenda kabatini. Kama kabati lako ni la mbao za kubandikwa, mvuke wa kila siku utaliinua gamba lake la chini. Isogeze mashine ukingoni mwa kaunta unapoitumia.

Na chumvi. Hili umeuliza kwa wasiwasi na una haki, maana wauzaji wengi hawaligusi. Mbavu za Silvia ni za chuma cha pua, lakini fremu inayoibeba ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Mahali inapoanza kula kutu panajulikana: chini ya trei ya matone, kwenye skrubu na kwenye pembe ambako rangi imekwaruzwa na trei inapotolewa na kurudishwa. Maji ya kahawa yana asidi, yakimwagika pale na hewa ya bahari ikaongezea chumvi yake, rangi hufura na kutu hutambaa chini yake. Dawa ni tabia tu. Itoe trei kila siku, usingoje ijae, kwa sababu trei ya Silvia haina kina kirefu na hufurika upesi. Chini yake futa kwa kitambaa, kisha kausha. Ukiona mkwaruzo, ukwangue kidogo na uupake rangi ya chuma inayostahimili joto kabla haujawa doa. Mashine inayotunzwa hivyo huishi miaka mingi hata pwani. Ukijijua hutakuwa na subira hiyo, basi hata hilo nalo ni sababu ya kutochukua Silvia.

Nenda dukani na sumaku ndogo. Chuma cha pua cha aina ya 304, chenye kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi, hakivutwi na sumaku au huvutwa kidogo mno. Sumaku ikinasa kwa nguvu, mbele yako pana chuma cha kawaida kilichopakwa, au aina ya 430, ambayo nayo ni chuma cha pua lakini karibu haina nikeli na haivumilii chumvi sawasawa. Jaribu ubavuni, jaribu chini ya trei, jaribu juu wanapowekwa vikombe. Wala 304 nayo si kinga kamili. Adui yake ni kloridi, nayo imo kwenye chumvi ya bahari, imo kwenye Jik, na imo kwenye maji ya visima vya pwani. Usiifute mashine kwa Jik. Usiisugue kwa stilwulu, maana huacha vipande vya chuma visivyoonekana, na vipande hivyo ndivyo vitakavyoshika kutu juu ya chuma chako kizima. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kisha ukaushe. Na tangini usitie maji ya kisima hata siku moja. Chumvi yake itakula ndani na chokaa yake itaziba vijia. Tafuta maji ya chupa yenye madini kidogo.

Ukipewa kuchagua rangi, chukua ya chuma chenyewe. Nyeupe na nyeusi zinapendeza picha, lakini rangi ni ngozi, na ngozi ikichubuka pwani lazima uifanyie kazi.

Limebaki la kaka yako. Nia yake ni njema, lakini mwambie asinunue. Mashine ya Marekani imeundwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Stima ya Kenya ni volti 240 na mizunguko 50. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Transfoma inaweza kuishusha volti, lakini itabidi iwe kubwa na nzito, maana mashine hizi hula zaidi ya wati elfu moja, na bado haibadilishi mizunguko. Pampu ya ndani ni ya kutetema, hupiga kwa kufuata mizunguko ya umeme, kwa hiyo iliyoundwa kwa 60 itapiga 50 tu na haitasukuma ilivyokusudiwa. Tena dhamana ya duka la kule haitakufuata Mombasa. Nunua ya volti 230 au 240, ikiwezekana yenye plagi ya pini tatu bapa za kwetu, uichomeke kwenye soketi ya ukutani peke yake, si kwenye ekstensheni moja na birika la umeme.

Kaka akisisitiza kuja na zawadi, mwagize kishindilio cha chuma cha milimita 58 na mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, ya kutumia betri. Vyote viwili vitaenea mkobani, na vitafaa ukichukua Silvia au ukichukua Gaggia.